Waona Kitu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili linatoka Marko 8:22-26.

"Wakafika Bethsaida, wakamletea kipofu, wakamsihi amguse. Akamshika mkono yule kipofu, akamchukua nje ya kijiji, akamtemea mate ya macho, akamwekea mikono yake, akamwuliza, Waona kitu? Akatazama juu, akasema, Naona watu kama miti, inakwenda."

Nimekatisha hapo kwa makusudi. Yanayofuata mnayajua: Bwana akaweka mikono tena, yule mtu akaona vyote waziwazi. Miaka yote niliyohubiri habari hii nimekuwa nikiukimbilia huo mwisho, kama abiria wa kivuko cha Kamanga anayesimama na mzigo kichwani kabla chombo hakijatia gati. Leo naomba tukae kidogo na mtu huyu aliyeguswa na Yesu mwenyewe na bado anaona watu kama miti. Mtu wa Mwanza, mji wetu wa mawe, angesema anaona watu kama mawe.

Bethsaida kilikuwa kijiji cha ziwani. Jina lake lina maana ya nyumba ya uvuvi, na ndiko walikotoka Petro, Andrea na Filipo. Ziwa lao ni dogo, kilomita za mraba 166 hivi. Ukerewe yetu peke yake inalizidi mara tatu. Lakini mwalo, pale wavuvi wanaposhukia, ni mwalo. Nyavu zimeanikwa, wanaume wana macho mekundu ya kukesha, na habari ya mtu mmoja imeshamfikia kila mtu kabla jua halijapanda. Katika kijiji cha namna hiyo, kuponywa nusu ni aibu. Watu wanakutazama usoni wanasubiri useme, "Naona!"

Ndugu yetu mmoja wa jumuiya ameniruhusu nisimulie habari zake, ila nisimtaje jina. Ni mvuvi wa dagaa, anashukia mwalo wa Igombe. Kwa ninyi mnaowajua dagaa wakiwa kwenye fungu tu pale Mwaloni Kirumba, niwaambie kwamba huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawekwa zielee juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za betri na sola, halafu mnasubiri dagaa waufuate mwanga. Kazi kubwa ni huko kusubiri. Upepo unapenya koti, usingizi unakunyemelea, kulala huwezi, na mfukoni kuna pakiti. Alianza akiwa na miaka 17, mwenzake alipompa pafu moja "upate joto". Alipofikisha 39 alikuwa anamaliza pakiti nzima, sigara 20, kati ya jioni na jioni.

Mwaka juzi alikuja mbele akaombewa. Jumapili iliyofuata mimi, mzee wa kanisa, nikampa kipaza sauti. Akasema, "Nimeacha." Vigelegele, kwaya ikainuka, mama mmoja akamfunga kitenge shingoni. Siku hiyo alikuwa na siku tano bila sigara. Jumanne usiku akiwa ziwani akavuta moja, Jumatano nne. Jumapili anafika kanisani anaitwa "mshindi". Angemwambia nani? Akaanza kula pipi za mnanaa. Akahamia benchi la nyuma, halafu chini ya mwembe nje, halafu hakuja tena kwa miezi mitano. Kwenye kikao cha wazee nikasema kwamba ndugu huyu amerudi nyuma, na nikaagiza iandikwe. Kitabu kipo mpaka leo, na mwandiko ni wangu.

Sisi wazee tunapenda ushuhuda uliokwisha kuiva na kupakuliwa. Yesu alimwuliza yule kipofu, "Waona kitu?" Sisi hatukumwuliza ndugu yetu lolote. Tulimtangazia anachoona, tukampigia makofi. Baada ya makofi yale alibakiwa na njia mbili tu, kusema uongo au kutoroka, na kwa heshima yake alitoroka.

Nilipoelewa hivyo nilishika daladala alfajiri nikaenda Igombe. Nikamkuta anatoa maji mtumbwini.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, Mzee." Hakunitazama.

Nikamwuliza, "Mwanangu, jana ulivuta ngapi?"

Alikaa kimya muda mrefu, akitazama maji. "Kumi na tisa." Kisha akacheka kidogo. "Zingekuwa ishirini, moja ililowa."

Mwenye macho mazima hakuwa akizungumza nami pale. Alikuwa yule mtu wa Bethsaida, anaona miti inatembea, na anasema hivyo hivyo anavyoona. Ningekuwa na kipaza sauti asubuhi ile, hapo ndipo pa kukiwasha.

Tukakubaliana kwamba kila asubuhi akishuka atanitumia namba kwa simu, namba tu, bila maelezo wala samahani. Na mimi nisijibu kwa mstari wa Biblia. (Hilo alilisisitiza yeye.)

Mwezi wa kwanza hatukupunguza hata moja. Alikuwa anawasha ya kwanza kabla hajatoka kitandani, na muuguzi wa zahanati alituambia kwamba anayewasha ndani ya nusu saa tangu kuamka, huyo kamba yake imekaza sana. Basi kazi ilikuwa kuisogeza hiyo ya kwanza. Kwanza baada ya kunawa uso, kisha baada ya chai, kisha baada ya kufika mwaloni. Mkewe akaomba jambo moja tu, moshi usiingie ndani kwa watoto. Hapo ndipo namba ilipoanza kushuka yenyewe, kwa sababu mtu mvivu wa kutoka nje kwenye mvua huvuta kidogo.

Kalenda yetu ilikuwa mwezi wa angani. Mwezi mweupe ukiwaka, dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanakaa nchi kavu wakishona nyavu. Siku hizo ndizo tulizozitumia kupunguza. Giza likirudi na yeye akarudi ziwani, hatukudai apunguze zaidi, aishike tu namba aliyofikia. 19, 14, 9. Nilikuwa nasoma Kutoka 23 siku zile, pale Bwana anaposema habari za maadui wa Israeli: "Nitawafukuza kidogo kidogo mbele yako." Anatoa na sababu: nchi isibaki tupu, wanyama wa bara wakaongezeka. Nikafikiria saa zile za kusubiri mtumbwini. Ukiziondoa sigara 20 usiku mmoja, unaweka nini kwenye nafasi yake? Yeye aliweka michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Hamu ya sigara ikimshika mtu haikai sana, dakika chache inapita, na kipande kimoja cha mchembe mkavu kinamaliza meno muda mrefu kuliko huo.

Hapa niwataje waliomleta kipofu kwa Yesu. Marko hakutupa majina yao, amesema tu "wakamletea". Nahodha wa ndugu yetu, mvutaji mwenyewe, alikubali asimpe pafu wala kiberiti hata akiomba kwa matusi. Na aliomba kwa matusi. Yuko pia mama mwenye kibanda pale mwaloni anayeuza sigara moja moja. Ndugu yetu alimwendea mwenyewe akamweleza. Tangu siku hiyo akifika anaambiwa, "Baba, leo umeshachukua tatu, zako zimebaki mbili." Mama huyu alikuwa anajipunguzia mauzo kwa mdomo wake. Ni Mwislamu, hasali kwetu, na nilipomshukuru alinijibu, "Mficha uchi hazai, Mzee. Yeye kausema wake, mimi nifanyeje?" Katika watu walioushika mkono wa kipofu huyu namhesabu wa kwanza.

Alipofika sigara tano, akakwama. Wiki sita namba ni 5, 5, 6, 5. Mimi nilikuwa nimeridhika, muuguzi hakuridhika. Alinieleza kitu nilichokuwa sikijui: nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na mwili uliozoea kiasi fulani utakidai. Mtu akipunguza idadi, huvuta kwa nguvu zaidi, anashikilia moshi kifuani, anaifuata sigara mpaka kwenye kichungi. Hizo tano zinaweza kufanya kazi ya kumi. Akasema, "Mzee, huyu anahitaji tarehe."

Kwenye jumuiya yetu kuna mwalimu mstaafu ambaye aliacha kwa siku moja, na hajawahi kuupenda mwendo huu wetu wa kobe. Alituletea habari za utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016, watu karibu 700. Baada ya wiki nne, kati ya walioacha ghafla 49 katika kila 100 walikuwa hawajavuta; kati ya waliopunguza kwanza kwa wiki mbili, 39. Kwa hiyo mwalimu ana hoja, na mwenye uwezo wa kuacha leo aache leo, asisubiri mwezi mweupe. Lakini nilimwomba asome mpaka chini. Makundi yote mawili yalikuwa na tarehe ya kuacha, yote yalipewa wauguzi wa kuwaongoza na dawa zenye nikotini za kutuliza hamu. Hakuna aliyeachwa ajikaze peke yake, kama sisi tulivyomwacha ndugu yetu na kitenge chake shingoni.

Tarehe ikawekwa, siku ya kwanza ya mapumziko ya mwezi. Nikaangalia tena Injili nikaona kitu ambacho nimekiruka miaka yote: Bwana alimshika mkono "akamchukua nje ya kijiji". Mvuvi wetu tulimtoa mwaloni. Benchi la wavuvi, kahawa, karata, vile vijiti vya sigara vinavyozungushwa kutoka mkono hadi mkono, vyote vikabaki Igombe, yeye akaja kushona nyavu uani kwangu Pasiansi. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi, na ndivyo ilivyokuwa. Alivunja kikombe. Alinijibu vibaya mara mbili na mke wangu mara moja, kisha akaenda kumwomba msamaha huku anatetemeka mikono. Mkewe aliwapeleka watoto kwa bibi yao Kisesa mpaka upepo upite. Siku ya nne alilala saa kumi mfululizo.

Mwili hauweki kinyongo. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanaanza kushuka, ndani ya siku moja ile hewa ya sumu ya moshi iliyokaa kwenye damu, kaboni monoksidi, inatoka, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inakuwa imepungua kwa nusu hivi. Yeye hakuyaona hayo. Aliyoyaona ni ya pua. Wiki ya pili alinipigia simu akilalamika kwamba hakuwahi kujua nyumba yake inanuka dagaa kiasi kile.

Basi juma hili kwenye jumuiya zetu nawaomba jambo moja. Tunao ndugu wanaovuta, tunawajua, na wao wanajua kwamba tunawajua. Wengine ni ugoro, wengine ni vitu vingine. Tusiwaulize, "Hivi umeacha?" Swali hilo lina jibu moja tu linalokubalika. Tuulize kama Bwana alivyouliza, kisha tunyamaze mpaka mtu ajibu. Na akijibu kwamba anaona miti, tusishangae wala tusimkemee, maana hata Yesu hakumkemea. Mwenye mimba au mwenye shida ya moyo amwone daktari mapema. Anayebanwa na hamu kupita kiasi aulize duka la dawa au hospitali kuhusu zile dawa zenye nikotini za kutuliza hamu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Si upungufu wa imani. Bwana mwenyewe alitumia mate.

Mstari wa mwisho wa somo letu ni mfupi: "Akampeleka nyumbani kwake, akisema, Hata kijijini usiingie." Mvuvi hawezi kutii hilo neno kwa neno. Mwezi ulipopungua alirudi Igombe, akarudi ziwani, na nahodha bado anavuta, ila sasa anavutia kwenye ncha nyingine ya mtumbwi, upande upepo unakotokomea. Namba zikaendelea kuja kila alfajiri. 0. 0. 0. Nilizihesabu 61.

Alfajiri ya 62 nilikuwa nje natandaza mkeka simu ikalia. Ujumbe ulisema: "1. Msibani."

Nikamwandikia: "Nimeipata. Nakuja Igombe na chapati, tenga chai."

Alikuwa ananisubiri kituoni.