Mtoto Asiyejua Kusoma Ana Nafasi Maktabani

Kwa wengi wetu tuliosomea Tanzania, maktaba ni mahali pa kwenda na madaftari yako mwenyewe mtihani unapokaribia. Unatafuta meza iliyo karibu na dirisha, unakaa kimya hadi jioni, kisha unarudi nyumbani bila kugusa hata kitabu kimoja cha kwenye rafu. Mazoea hayo yana sababu zake, kwa kuwa nyumba nyingi zina watu wengi na vyumba vichache, umeme hukatika, na kelele za mtaani hazimwachi mwanafunzi wa Kidato cha Nne akatulia. Lakini mazoea hayo hayo yametufanya tuamini kwamba maktaba ni ya mtu anayejua kusoma na mwenye mtihani mbele yake, na kwa imani hiyo tunawaacha nyumbani watoto wa miaka miwili, mitatu na minne, ambao kwa maoni yangu wanaweza kufaidika nayo kuliko sisi sote.

Hili si wazo langu peke yangu. Ilani ya Maktaba za Umma iliyotolewa na UNESCO pamoja na IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, mwaka 1994, ilipotaja majukumu ya msingi ya maktaba ya umma ilianza na kujenga na kuimarisha mazoea ya kusoma kwa watoto tangu wakiwa wadogo. Ilani hiyo ilipoandikwa upya mwaka 2022, jukumu hilo lilipelekwa nyuma zaidi, hadi tangu kuzaliwa. Mtoto mchanga, kwa maana hiyo, ni mteja halali wa maktaba, sawa na mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika tasnifu yake.

Hapa kwetu msingi uliwekwa mapema. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa kabisa, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, lile lililopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ukiitafakari miaka ile, walimu walikuwa wachache, zahanati zilikuwa chache, barabara nyingi zilikuwa za vumbi, na bado Serikali iliona kwamba maktaba haipaswi kusubiri. Maktaba Kuu ina sehemu yake ya watoto, na maktaba za mikoa nazo hutenga rafu au chumba kwa ajili yao. Watu wengi hupita mbele ya majengo haya kila siku wakienda kazini wala hawajui kwamba ndani yake kuna viti vifupi vilivyowekwa kwa ajili ya mtoto.

Kumwandikisha mtoto ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani. Mzazi au mlezi ndiye anayejaza fomu na ndiye anayebeba dhamana ya vitabu vitakavyoazimwa, na ada ya mtoto kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya mtu mzima. Utaratibu wa picha, kadi na muda wa kukaa na kitabu unaweza kutofautiana kidogo kati ya maktaba na maktaba, kwa hiyo ni vyema kuuliza mapokezi kabla ya kwenda na familia nzima. Ninachosisitiza ni kwamba kadi iwe ya mtoto mwenyewe, yenye jina lake. Binti yangu, aliye chekechea, hukabidhi kadi yake kwa mkutubi kwa mikono miwili, kisha husimama kimya akitazama muhuri wa tarehe ya kurudisha ukigongwa ndani ya kitabu. Hajui kusoma tarehe ile, ila anajua kwamba kitabu kina siku yake ya kurudi na kwamba yeye ndiye anayedaiwa.

Sasa swali ambalo wazazi wenzangu huniuliza: mtoto asiyejua herufi atafanya nini na kitabu? Jibu ni kwamba atazungumza. Mwaka 1988 mtafiti Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto waliokuwa na umri wa takriban miaka miwili hadi mitatu. Wazazi wa makundi mawili walikuwa wakiwasomea watoto wao vitabu vya picha kama kawaida, lakini kundi moja lilifundishwa namna ya kusoma kwa kuuliza maswali yasiyo na jibu la ndiyo au hapana, kupanua maneno ya mtoto, na kumwachia nafasi ya kusimulia. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi hilo walikuwa mbele ya wenzao katika uwezo wa kujieleza kwa kiwango cha miezi kadhaa ya ukuaji wa lugha. Vitabu na muda wa kusoma havikuwa na tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa nani anazungumza.

Kwa hiyo mnapofungua ukurasa wenye kuku na vifaranga wake, usikimbilie maneno yaliyoandikwa chini. Muulize mtoto anaona nini. Akisema «kuku», mwongezee: ndiyo, kuku mweupe anaparua chini ya mti. Muulize yule kifaranga aliyebaki nyuma anafikiria nini, kisha nyamaza umsubiri, hata kama ukimya unakuwa mrefu kuliko ulivyozoea. Mwanangu mdogo aliwahi kunijibu kwamba kifaranga «anataka uji», na kutokana na uji huo tukazungumza kuhusu nani anapika, kwa nini unaungua, na kuku wanakula nini hasa. Ukurasa ule mmoja ulituchukua muda mrefu, na hatukuhitaji kuufikia ukurasa wa pili siku ile.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili. Silabi zetu ni wazi na tahajia yetu haina mitego mingi, kwa hiyo mtoto akishaelewa ba, be, bi, bo, bu anaweza kutamka karibu neno lolote analoliona. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 ulijengwa juu ya stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, ambazo wote tunaziita KKK, na walimu wengi wanazifundisha kwa bidii kubwa. Lakini wepesi huo wa kutamka unaweza kuficha tatizo, kwa sababu mtoto anaweza kusoma sentensi nzima kwa sauti, bila kukosea, na asipate maana yake, kwa kuwa maneno yenyewe hajawahi kuyasikia. Maneno hayo hayapatikani kwenye ubao wa silabi. Yanatokana na miaka ya kuzungumza, kusimuliwa na kutazama picha za vitu ambavyo havipo nyumbani, na hapo ndipo vitabu vya picha vinapofanya kazi ambayo darasa lenye watoto wengi haliwezi kuifanya.

Ningependa hapa kuzungumza na mzazi asiyejua kusoma vizuri, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayeiogopa maktaba zaidi. Kitabu cha picha hakikuhitaji wewe uwe msomi. Bibi anaweza kukishika, akasimulia picha kwa namna anavyoziona yeye, kwa Kiswahili, Kisambaa au Kiha, na mtoto akapata kila alichopaswa kupata: msamiati, mfuatano wa matukio, na furaha ya kukaa karibu na mtu anayempenda huku wote wawili wakitazama kitu kimoja. Mtoto wa namna hiyo anafika shuleni akijua kwamba ndani ya vitabu kuna mambo ya kuzungumziwa.

Kati ya shughuli zote ambazo maktaba inaweza kuziandaa kwa familia, ninaithamini zaidi saa ya hadithi. Kuna wanaodhani kwamba ni jambo la kuiga kutoka nje, ilhali sisi tulikuwa nalo kabla ya kuwa na majengo ya maktaba. Msimulizi anasema «Paukwa!» na watoto wanajibu «Pakawa!», na tangu hapo hakuna anayeangalia pembeni. Vitendawili hufaa sana kabla ya hadithi, kwa kuwa humwamsha hata mtoto mwenye haya. Nimeona mtoto aliyekuwa amejificha nyuma ya khanga ya mama yake akichungulia aliposikia «Nyumba yangu haina mlango», kisha akanong'ona «yai» kwa sauti ambayo ni mama yake na mimi tu tulioisikia. Mkutubi aliyekuwa akiongoza aliuona mdomo wake ukitikisika, akamwomba arudie, na chumba kizima kikampigia makofi. Baada ya kitendawili ikaja hadithi ya Sungura na Fisi, na baada ya hadithi vitabu vyenye picha za wanyama vilitandazwa mkekani ili kila mtoto achague chake. Mpangilio huo ni wa busara, kwa sababu mtoto anatoka kwenye sauti anayoijua na kuingia kwenye kitabu asichokijua bila kushtuka.

Kinachokwamisha mara nyingi ni kanuni ya ukimya. Katika maktaba moja niliwahi kuombwa kumtoa mwanangu nje kwa sababu alicheka alipoona picha ya nyani, wakati tulikuwa tumekaa kwenye meza za watoto. Namwelewa mhudumu yule, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta walikuwepo wanafunzi wa mitihani na alitakiwa kuwalinda. Hata hivyo, mtoto wa miaka miwili anayeonywa asicheke mbele ya kitabu anafundishwa kwamba kitabu ni adhabu. Suluhisho halihitaji fedha nyingi: inatosha kutenga saa maalumu, kwa mfano Jumamosi asubuhi, na kutundika tangazo mlangoni ili wanafunzi wajue kwamba saa hizo kona ile ina kelele halali.

Majirani zetu wana mifano ya kutazama. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa jamii za wafugaji kaskazini mashariki mwa nchi, kuanzia Garissa. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema na mikeka, na watoto husoma wakiwa wameketi kivulini. Jijini Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka 20 Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017 ili kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yaliyo katikati ya mitaa yenye watoto wengi. Ninaona fahari kubwa katika mlango huo, uliokuwa umefungwa kwa rangi ya ngozi, kufunguliwa kwa watoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi.

Upungufu wa vitabu vya Kiswahili vya watoto wadogo sana bado upo, na anayetembelea rafu zetu atauona mara moja. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kwa kununua sehemu ya nakala zinazochapishwa na kuzipeleka shuleni, jambo linalompa mchapishaji ujasiri wa kuchapisha. Kwa familia iliyo mbali na maktaba na yenye simu, mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, ambazo unaweza kuzipakua na hata kuzichapisha bila kulipa. Ushauri wangu ni kuzichapisha inapowezekana, kwa sababu simu ina mambo mengine yanayomwita mtoto, na karatasi haina.

Lipo jambo moja ninalolitamani kuliko yote. Mwaka 1992 huko Birmingham, Uingereza, ulianza mpango unaoitwa Bookstart, ambapo watoto wachanga 300 walipewa vitabu walipopelekwa kwenye uchunguzi wa kawaida wa afya, pamoja na mwaliko wa kujiunga na maktaba. Baadaye mpango huo ulienea nchi nzima. Sisi tunayo kliniki ya watoto, ambayo karibu kila mama anaijua, na tunakaa kwenye mabenchi yake muda mrefu tukisubiri watoto wapimwe uzito na kuchanjwa. Mkutubi mmoja mwenye kapu la vitabu vya picha, akikaa nasi kwenye benchi lile asubuhi moja kila mwezi, angewafikia wazazi ambao hawatapanda daladala kwenda mjini kuitafuta maktaba. Nimelipeleka pendekezo hili kwa maandishi katika maktaba ninayoitumia, nami nawaomba wasomaji walio mikoani wafanye vivyo hivyo katika maktaba zao, wakilitaja kwa jina kituo cha afya kilicho jirani.

Kwa atakayempeleka mtoto kwa mara ya kwanza, nenda asubuhi akiwa ameshakula na hana usingizi, na usipange kukaa zaidi ya nusu saa. Mwache achague mwenyewe vitabu vya kuazima. Atarudia kuchagua kile kile cha wiki iliyopita, na utashawishika kumwambia achukue kingine. Mruhusu akichukue, kwa kuwa katika marudio hayo ndipo anapoanza kukutangulia, akitamka neno la ukurasa unaofuata kabla hujaufungua.