Uzoefu wangu: kujaza usiku kucha kwa muziki wa klasiki kwenye redio ya Moshi

"Nani atajua?" Hilo ndilo jibu nililopewa na karibu kila mtu niliyemuuliza nitatoa wapi muziki wa kujaza kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Pakua YouTube, pachika kwenye kompyuta, kalale. Beethoven kafa 1827, nani atakuja kukudai? Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni jamaa mwenye studio yake hapa mjini, ambaye akisikia biti yake imepigwa kwenye harusi bila ruhusa anatoa povu wiki nzima.

Beethoven kweli hadai. Anayedai ni okestra iliyopiga na aliyeirekodi. Simfonia ya Tano ilipigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, lakini rekodi yake ya mwaka 2015 ni mali ya watu walio hai na wana mawakili. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi upande mmoja, na upande wa pili inawalinda wapigaji, warekodi na watangazaji. Nilichoka kulieleza hili, mwishowe nikawa nasema tu, "Sawa kaka, asante."

Chanzo cha yote ni bosi. Alikwenda Ujerumani kwa mwaliko wa kanisa, usingizi ukamkataa hotelini, akawasha redio. Akarudi Moshi na agizo moja: "Nataka kama ile." Ile ipi? "Ile ya vinanda, inapiga mpaka asubuhi, mtangazaji anaongea kidogo tu." Wakati huo usiku wetu ulikuwa marudio ya mahubiri na matangazo ya vifo ya jana, kwa hiyo sikuwa na cha kutetea.

Nikaanza kuchimba "ile" ni nini. Niliyoyakuta yalinifurahisha kuliko nilivyotarajia, maana nilidhani wenzetu wana ghala la sidii lisilo na mwisho. Wapi! Alichosikia bosi, kwa dalili zote, ni ARD-Nachtkonzert. Redio za umma za Ujerumani zimegawanyika kwa majimbo, lakini ikifika usiku wa manane zinaacha kila moja kuhangaika peke yake. Inatengenezwa programu moja, BR-Klassik, redio ya jimbo la Bavaria iliyoko Munich, ndiyo yenye mzigo mkubwa, na nyingine zinaipokea na kuirusha. Muziki wenyewe sehemu kubwa unatoka kwenye maktaba za redio hizohizo, kwa sababu zina okestra zao za mshahara. Okestra ya simfonia ya redio ya Bavaria ilianzishwa 1949. Matamasha mengi ya okestra hizo yanarekodiwa na redio yenyewe, na kanda nyingi hazipo dukani.

London ndiyo ilinifungua macho zaidi. BBC Radio 3 wana kipindi cha Through the Night. Kinaanza kama saa sita na nusu usiku kwao, yaani kwetu saa tisa na nusu wakati wao wako kwenye baridi, saa nane na nusu wakiwa kwenye kiangazi. Nilikuwa nakisikiliza kwa bando huku nasoma orodha ya nyimbo kwenye simu, na orodha ndiyo iliyofichua siri: okestra ya redio ya Polandi, kwaya ya redio ya Denmaki, mpiga kinanda aliyerekodiwa na redio ya Norwei, kisha Slovenia, Bulgaria, Uswisi. Mara nyingi kinaanza na tamasha zima kutoka nchi moja, halafu vinafuata vipande vya hapa na pale mpaka kuche. Vyote vinapitia EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya ulioundwa 1950 wenye makao Geneva. Mwanachama anarekodi tamasha kwake, anawapa wenzake, naye anachukua ya kwao. BBC huandaa pia toleo la usiku kwa ajili ya wanachama wengine, Euroclassic Notturno, na redio za Polandi na Uswidi zimekuwa zikilirusha.

Wamarekani wana njia nyingine: wananunua usiku mzima kama huduma. Kuna Classical 24, iliyoanza 1995 ikitokea Minnesota, na kuna mtandao wa WFMT wa Chicago. Kituo cha mji mdogo kinapokea mkondo huo usiku kucha, kinachomeka jina lake na hali ya hewa kwenye nafasi zilizoachwa, na jengoni hakuna mtu zaidi ya mlinzi. Wao hupiga zaidi sidii za kampuni, na haki zinalipiwa kwa utaratibu wao.

Sisi EBU hatuingii, ule ni umoja wa mashirika ya utangazaji ya mataifa, si redio iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Na pesa za mkondo wa Chicago bosi hana, au anazo ila si kwa kazi hiyo.

Nikaenda kumwona mzee mmoja mstaafu wa redio anayeishi Pasua. Nilipomaliza shikamoo na chai, akacheka sana. Akaniambia zamani BBC walikuwa na idara ya kutuma santuri kwa redio za nje. Matamasha yalikuja kwenye boksi, na leseni yake ilikuwa na tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, santuri zinarudishwa au zinaharibiwa. "Kijana wangu," akasema, "watu wanadhani muziki wa redio ni wa redio. Ule ni wa kuazima." Nikamwuliza kama alibakiza hata moja. Akaongeza sukari kwenye chai.

Nikiwa bado nakusanya, nililazimika kupanda Rombo msibani, na mwenzangu wa zamu akaona achukue njia ya mkato. Akachomeka simu kwenye mikisa, akafungua YouTube, akapata adajio, kipande cha polepole, moja nzuri ya fidla, akaenda kuota moto na mlinzi. Katikati ya ule utulivu, kwa sauti mara tatu ya fidla, likaingia tangazo la kubeti: "Jaza mkeka sasa!" Kituo chetu kina wachungaji kwenye bodi. Nilipigiwa simu nikiwa bado kwenye turubai la msiba. Tangu siku hiyo hakuna aliyenirudishia ule wimbo wa "nani atajua".

Sasa vilivyofanya kazi. Zipo rekodi ambazo wenyewe wameziachia kwa hiari. Mpiga kinanda Kimiko Ishizaka alirekodi Goldberg Variations za Bach kwa michango ya watu, akazitoa 2012 bila kudai haki yoyote, na 2015 akatoa kitabu cha kwanza cha Well-Tempered Clavier, cha Bach huyohuyo, kwa mtindo huohuo. Goldberg ina tuni ya mwanzo, mageuzi 30, halafu tuni inarudi. Forkel, aliyeandika maisha ya Bach mwaka 1802, anasimulia kwamba ilitungwa kwa ajili ya bwana mkubwa aliyekosa usingizi, apigiwe usiku. Wataalamu wanaitilia shaka hadithi hiyo ila mimi naisoma hewani kila nikiipiga, maana wasikilizaji wangu ni walinzi, manesi wa zamu na madereva wa malori wanaopumzika Himo. Inawahusu.

Musopen, tovuti ya muziki wa klasiki wa bure, nao walichangisha pesa mwaka 2010 wakalipa okestra irekodi simfonia, wakaziachia. Usibebe kila kilichopo hapo bila kuangalia, kila rekodi ina leseni yake. Bendi ya kikosi cha Marine cha Marekani (U.S. Marine Band), iliyoundwa 1798, ndiyo hazina ambayo hakuna aliyeniambia: ni watumishi wa serikali, na kwa sheria ya kwao kazi ya mtumishi wa serikali kuu haina hakimiliki. Wanapiga hata kazi za okestra zilizopangwa upya kwa tarumbeta na zumari. Angalia tu mtunzi awe wa zamani.

Nilijaribu na santuri za kale za Caruso, mwimbaji wa opera aliyefariki 1921. Marekani waliziachia rekodi zote zilizotoka kabla ya 1923 kuanzia Januari 2022. Haki iko safi kabisa, lakini mlinzi mmoja wa Shanty Town akapiga simu saa tisa usiku kuniuliza kama studioni tunakaanga vitumbua. Caruso sasa anapata dakika zake chache Jumapili.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wenzangu mtalielewa. Mtambo wetu una kifaa cha kushika ukimya. Sauti ikishuka kwa sekunde kadhaa, kinadhani kompyuta imekufa, kinahamia kwenye flashi ya dharura. Kwa bongo fleva hakijawahi kusumbua, maana bongo fleva hainyamazi. Usiku wa kwanza wa Simfonia ya Tano nimekaa kwa raha zangu. Anayeijua anajua kwamba sehemu ya tatu haiishi, inaingia ya nne moja kwa moja: nyuzi zinashikilia noti ndefu kwa sauti ya chini kabisa, ngoma inadunda peke yake kwa mbali, du, du, du, unabana pumzi, kisha tarumbeta, pamoja na tromboni ambazo tangu mwanzo wa simfonia hazijagusa noti, zinalipuka. Ngoma ikadunda. Nikabana pumzi. Ikalipuka singeli.

Ndiyo, flashi ya dharura ilikuwa na singeli, aliijaza kijana wa vipindi vya jioni. Na kilichoniuma ni ile simu ya mlinzi wa benki baada ya dakika mbili: "Hapo mlipobadilisha pamenoga!"

Kurefusha muda wa kifaa ni hatua ya kwanza, nami usiku nimekiweka kisubiri zaidi ya dakika. Ila pia nilisawazisha mafaili yote kwa kipimo cha EBU kiitwacho R 128, cha mwaka 2010, ambacho hakisawazishi kwa kilele cha sauti bali kwa wastani wa kipande kizima. Wao wanalenga -23 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Mimi nimepandisha juu kidogo ya hapo, kwa sababu msikilizaji wangu ana redio ya betri kando ya geti na mbwa wanabweka. Kisha nikafanya ujanja ninaojivunia: nikafuta singeli yote kwenye flashi, nikajaza kwaya na kinanda. Mtambo ukikosea sasa, msikilizaji anadhani ndivyo ratiba ilivyo.

Hata hivyo ukihesabu rekodi za bure, zinakupa mwezi, baada ya hapo manesi wanaanza kukariri. Hapo nikarudi kwenye akili ya Geneva: rekodi vya kwako, badilishana. Na Kilimanjaro tuna nini? Tarumbeta! Wamisionari wa Leipzig walifika huku 1893, na vikundi vya tarumbeta vya Kilutheri mpaka leo vinapiga korali, yaani nyimbo za kanisa, za Kijerumani ambazo Bach mwenyewe alizipanga, kwenye misiba na Pasaka, kwa sauti nne.

Kanisa nililoanza nalo, mlimani upande wa Old Moshi, lina kuta za zege na bati. Tarumbeta nane humo ndani ni fujo tupu, mwangwi unarudi kabla noti haijatoka, na mvua ikinyesha juu ya bati ndiyo basi. Mablanketi ya akina mama hayakusaidia. Nikawaambia tutoke nje, tuingie kihambani, katikati ya migomba. Kiongozi wao, mzee wa heshima zake, akaniangalia. "Mwanangu, tumpigie nani humo, ng'ombe?" Lakini majani ya mgomba yanameza sauti yote inayotaka kurudi. Tulisubiri jioni mvua ilipokatika na upepo umelala, majani hayatikisiki, nikaitundika Zoom, mashine ndogo ya kurekodi, kwenye mti wa mwanzi mbele yao, juu ya vichwa. Ikatoka safi mno, kila sauti imesimama mahali pake, ila kavu, kama watu wanaopiga ndani ya kabati.

Basi usiku huohuo nikachukua spika ya kanisa, nikaiweka madhabahuni ikitazama ukuta, nikapiga ile rekodi kavu kanisani pakiwa patupu, na kurekodi mwangwi peke yake kutoka mlangoni. Studioni nikachanganya: kavu nyingi, mwangwi kidogo. Mzee alipoisikia alinyamaza, kisha akauliza, "Hawa ni Wajerumani?"

Makubaliano yetu ni karatasi moja: rekodi ni mali ya kikundi, wao wanapata nakala safi ya kuuzia washarika, mimi napiga mwaka mzima na naruhusiwa kuwaazima redio nyingine itakayonipa yake. Redio moja ya Arusha imenipa kwaya ikiimba Händel kwa Kiswahili, nyingine ya Bukoba imeahidi. Usiende bila karatasi, hata kama kiongozi ni mjomba wako. Zoom niliipata mtumba Arusha kwa laki tatu na kitu, na kila safari ni nauli, soda na wali wa watu, tuseme elfu hamsini ukiwa na bahati.

Maneno ya mtangazaji nayarekodi yote jioni, sekunde chache kila kipande. Taja mtunzi, taja waliopiga, nyamaza.

Bosi sasa anataka tuanze saa nne usiku badala ya saa sita. Nimemwambia anunue kwanza betri mpya za inveta, maana umeme ukikatika hata hiyo flashi ya dharura haiimbi.