Milima ya Hida Majani Yanapogeuka Rangi

Katika milima ya Hida, katikati ya Japani, rangi ya majani hushuka kutoka juu kwenda chini. Vilele hutangulia mapema mwezi wa Oktoba, kisha wekundu na umanjano huteremka mteremko baada ya mteremko hadi kufika vijiji vya bondeni mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Sisi wa Lamu tunaoupima mwaka kwa kaskazi na kusi hatuna kitu cha namna hiyo, na kwa hiyo niliyatazama majani yale kwa makini ya mgeni. Umanjano umo ndani ya jani tangu awali, ila umefunikwa na ukijani. Wekundu, kinyume chake, hutengenezwa upya, na huwa mkali zaidi pale mchana unapokuwa na jua na usiku ukawa na baridi kali.

Nilianzia Takayama, mji wa wafanyabiashara wenye nyumba za mbao nyeusi katika mitaa ya Sanmachi. Katika ua wa hekalu la Hida Kokubunji umesimama mti wa mginko unaosemekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,200. Wenyeji husema majani yake yakishapukutika, theluji i karibu.

Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni Ogimachi, kijiji kikubwa cha Shirakawa-go, mwendo wa chini ya saa moja kwa basi kutoka Takayama. Nyumba zake zina mapaa ya nyasi yaliyosimama wima mno, kiasi cha nyuzi 60, mithili ya viganja viwili vilivyokutanishwa, ili theluji nzito ya huko isielemee. Nilipanda ngazi hadi darini, mahali ambapo zamani familia zilifuga viwavi wa hariri, nikayaona maungio kwa karibu: maboriti ya paa hayakupigiliwa misumari, bali yamefungwa kwa kamba na kwa matawi mabichi yaliyosokotwa, ambayo hukaza kadiri yanavyokauka. Kila kitu kilikuwa cheusi kwa masizi, kwa sababu moshi wa meko ya sakafuni hupanda hadi juu, ukazikausha nyasi na kuwafukuza wadudu. Katika vijiji jirani vya Gokayama, wakazi walitengeneza pia shura, yaani chumvi ya kutengenezea baruti, kutokana na udongo wa chini ya sakafu, kwa ajili ya watawala wa jimbo la Kaga.

Nyasi hizo hudumu miaka 30 hadi 40. Siku ya kuezeka upya, kwa desturi iitwayo yui, kijiji kizima hujitokeza, pengine zaidi ya watu 100 juu ya paa moja, na upande mzima ukamalizika kwa siku moja. Siku hizi kazi nyingi hufanywa na mafundi wa kulipwa, lakini desturi haijafa. Mwaka 1971 wakazi wa Ogimachi waliafikiana juu ya mambo matatu kuhusu nyumba zao: kutouza, kutokodisha, kutobomoa. Hayo yalikuwa miaka 24 kabla ya UNESCO kukiorodhesha kijiji chao, pamoja na Gokayama, kuwa urithi wa dunia mwaka 1995.

Hapo ndipo nilipoufikiria mji wetu, ulioorodheshwa mwaka 2001. Nyumba kadhaa za mawe za Lamu na Shela zimepita mikononi mwa wageni, na sikatai kwamba baadhi yao wamezikarabati vizuri, vidaka na milango ikabaki kama ilivyokuwa. Lakini nyumba iliyofungwa sehemu kubwa ya mwaka haina jirani wa kuitwa wakati wa makuti kubadilishwa. Naamini makubaliano kama yale ya Ogimachi yangepaswa kujadiliwa mtaa kwa mtaa, na wenye nyumba wenyewe, kabla ya ofisi yoyote kuwaandikia kanuni.

Niliporudi niliwasimulia mafundi wa hapa Mkomani, na swali lao la kwanza lilikuwa la haki kabisa: gharama hubebwa na nani? Niliwajibu kwamba serikali huchangia sehemu kubwa ya matengenezo, na kwamba ada ya maegesho ya magari ya watalii husaidia uhifadhi. Mazungumzo yakahamia mara moja kwenye ada zinazolipwa na wageni wanaoshukia gatini kwetu, na mahali zinakokwenda.