Ramani ya nyumba yenye upande wa kupangisha: anza na ukuta wa kati

Wengi huchora nyumba yao kwanza: vyumba vitatu, sebule, jiko, stoo. Kipande kinachobaki pembeni ndicho anachopewa mpangaji. Matokeo yake, mlango wa mpangaji unatazamana na dirisha la chumba chako cha kulala, choo chake kiko mita 20 kutoka kwenye shimo la maji taka, na bodi ya umeme wake iko jikoni kwako. Ramani ya nyumba yenye mpangaji inafaa ianzie katikati, kwenye ukuta unaotenga pande mbili. Ukishaamua ukuta huo unapita wapi na nini kinaruhusiwa kuuvuka, nusu ya kazi imekwisha.

(Nitasema "upande wa mpangaji". Kuuita nyumba ndogo kutazua maswali mengine.)

Kabla ya kushika penseli kuna swali la kupeleka kwa wanaotoa vibali: je, kiwanja kinaruhusu makazi mawili? Kibali cha nyumba ya familia moja hakigeuki kuwa cha familia mbili kwa sababu umeongeza mlango. Hapohapo uliza umbali wa kuacha kutoka kwenye mpaka, na kama mpangaji lazima apewe maegesho. Gari moja linakula m 2.5 kwa m 5, bila nafasi ya kugeuzia, na mara nyingi hapo ndipo upana wa nyumba unapomegwa.

Mahali pa kumweka mpangaji ni patatu tu: ubavuni, nyuma au juu. Ubavuni ndiko nafuu, kiwanja kikiwa kipana. Msingi unaendelea na ukuta mmoja unatumika na wote. Nyuma kunapendeza kwenye karatasi mpaka uchore njia ya kufika huko. Mpangaji, wageni wake na mtungi wake wa gesi watapita chini ya madirisha yako usiku na mchana. Ukilazimika kujenga nyuma, acha njia ya m 1.2, na ubavu unaoitazama njia hiyo upe choo, stoo na jiko lako, si vyumba vya kulala. Juu kunaokoa ardhi lakini kunaleta slabu (sakafu ya zege), ngazi na mlio wa visigino, nitalirudia hilo.

Vipimo sasa. Chumba kimoja chenye kila kitu, kwa mtu mmoja, kipe m² 25 hadi 30. Chumba cha kulala na sebule, 38 hadi 45. Vyumba viwili, 55 hadi 65. Chini ya hapo mpangaji utampata, ila hatakaa. Kwa maoni yangu kiwanja kikiruhusu, chumba na sebule ndiyo saizi yenye akili. Kinachokula fedha ni jiko na bafu, na hivyo utavijenga hata upande ukiwa wa m² 25. Mita kumi na kitu za ziada ni kuta, sakafu na paa tu.

Tazama chumba cha kulala kwa karibu, maana hapa ndipo watu hubana sentimita wakaharibu chumba kizima. Chukua m 3.0 kwa 3.6, vipimo vya ndani. Kitanda cha m 1.5 kwa 2.0 kiweke katikati ya upande wa m 3.0: kila ubavu unabaki na sm 75, mtu anashuka bila kumruka mwenzake. Kwa urefu, kitanda m 2.0, njia sm 90, kabati sm 60: jumla 3.5, na milango ya kabati inafunguka. Kata chumba hicho kiwe 3.0 kwa 3.0 na kabati linahamia ubavuni. Zinabaki sm 90 kwa upande mmoja, kitanda kinabanwa ukutani, na mmoja wa wanandoa atakuwa anapanda mlima kila usiku.

Na vipimo hivyo ni vya ndani kweli. Anayechora ukuta kwa mstari mmoja anajidanganya. Nyumba yenye upana wa nje wa m 9.6: kuta mbili za nje za tofali la mm 150 na plasta ya mm 15 kila upande ni mm 360. Ukuta wa kati wa mm 200 na plasta yake, 230. Kuta mbili za ndani za mm 100, nazo zikipigwa plasta, 260. Jumla mm 850. Karibu mita nzima imeliwa kabla hujaweka kiti.

Turudi kwenye ukuta wa kati. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia sauti, na sauti huzuiwa na uzito. Tofali za zege zisizo na matundu, unene wa mm 200, zikipigwa plasta pande zote mbili, hupunguza sauti kwa karibu desibeli 50; unasikia mvumo, maneno huyatambui. Ukuta mwembamba wa tofali zenye matundu ukishuka hadi desibeli 40, mtu akiongea kwa nguvu unafuatilia mazungumzo. Kuongeza uzito mara mbili huleta desibeli 5 au 6 tu, kwa hiyo ujenge mzito tangu mwanzo. Ukichelewa, rangi na mapazia hayatakusaidia.

Lakini ukuta mzito hauna faida kama umeishia kwenye dari. Hili ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu halionekani. Fundi anapandisha ukuta hadi usawa wa linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) na kozi mbili tatu juu yake, kenchi zinapita, dari inapigwa, na kila mtu anaona ukuta umekamilika. Juu ya dari pako wazi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Sauti inapanda kwa mpangaji, inashuka kwako. Moto nao hupita hapohapo, na mtu akiinua ubao mmoja wa dari anaingia upande wa pili bila kugusa kitasa. Andika kwenye mchoro wa mkato, ule unaoonyesha nyumba kama imekatwa wima, kwa herufi kubwa, kwamba ukuta wa kati unafika chini ya mabati, na nafasi inayobaki inajazwa pamba ya mawe isiyoshika moto. Soketi za pande mbili zisichimbwe mgongo kwa mgongo. Ziachane angalau nusu mita, la sivyo unabaki na plastiki mbili badala ya ukuta.

Kisha panga nini kinaegemea ukuta huo. Makabati ya nguo ni mazuri. Stoo na korido ni nzuri zaidi. Bafu kwa bafu ni sawa, na kuna sababu nyingine ya kuyakutanisha hapo: mabomba. Kichwa cha kitanda kisiegemee ukuta wenye televisheni ya jirani. Bomba la choo la jirani nalo lisipite nyuma ya kichwa cha mtu.

Mabomba yanataka hesabu kabla ya msingi. Bomba la choo la mm 110 linateremka kwa 1:40, yaani sm 2.5 kwa kila mita. Mteremko ukiwa mdogo kuliko 1:60, maji yanakwenda na mzigo unabaki. Choo kikiwa m 12 kutoka kwenye shimo, mteremko ni sm 30. Kikiwa m 20, ni sm 50. Bomba likianza sm 45 chini ya ardhi, mwisho wake uko karibu mita moja chini, na tundu la kuingilia shimoni lazima liwe chini ya hapo. Watu hujenga shimo kwanza, kwa kina cha choo cha kwanza, halafu choo cha mpangaji kilichoongezwa mbali kinakosa mteremko. Mabafu mawili yakipeana mgongo, tatizo hilo halizaliwi. Kila upande uwe na chemba yake (kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia bomba) nje kabla mabomba hayajakutana, na chemba nyingine kila bomba linapokunja kona. Bomba la mpangaji lisipite chini ya sakafu ya sebule yako. Siku likiziba, utapasua vigae vyako kwa ajili ya choo cha mwingine.

Bafu la m 1.5 kwa 2.2 linatosha. Shawa mwishoni, sm 90 kwa upana wote. Kwenye m 1.3 zinazobaki, choo cha kukalia kipewe sm 80 na sinki la kunawia sm 50, vyote ukuta mmoja, na mlango wa sm 70 upande wa pili. Sakafu ya bafu iwe chini ya korido kwa sm 2.

Jiko la mpangaji lipangwe kwenye mstari mmoja wa m 2.7 hivi: friji sm 70, sinki sm 80, meza ya kukatia sm 60, jiko la kupikia sm 60. Kina cha meza sm 60, mbele yake mita moja. Dirisha lisiwe nyuma ya moto wa gesi, upepo unauzima.

Kwenye umeme, kila upande uwe na mita yake na bodi yake, na bodi iwe ndani ya upande husika, mtu aweze kuzima bila kugonga mlango wa jirani. Taa za nje na pampu ziunganishwe kwako, usije ukadaiwa fidia kila mwezi. Jambo linalowatesa mafundi ni nyutro, waya unaorudisha umeme, kuchanganywa. Taa ya varanda ya mpangaji inachukua umeme kwenye bodi yake lakini nyutro imeungwa kwenye ya kwako kwa sababu ilikuwa karibu. Breka ya kuzuia umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Usiporudi njia ileile, inakata. Mpangaji anawasha taa, nyumba nzima inazima, na fundi anabadilisha breka tatu nzima kabla ya kugundua. Dawa yake ni kutovusha waya wowote wa taa au soketi kupita ukuta wa kati.

Maji yafuate kanuni ileile: bomba la mm 25 kwa kila upande kuanzia tangini, likipungua kuwa 20 ndani, koki ya kufunga nje na mita baada yake. Ukigawa bomba moja la mm 20, mmoja akifungua shawa mwingine anabaki na matone. Kila mita ya kimo cha tangi inaleta msukumo wa bari 0.1 tu, na tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, kwa hiyo mnara wake uingie kwenye ramani, usiwe wazo la baadaye juu ya dari.

Upande wa mpangaji ukiwa juu, ngazi iwe nje au kwenye ukumbi wenye mlango wake. Kimo cha m 3.0 kutoka sakafu hadi sakafu kinagawanyika kuwa hatua 18 za mm 167. Ikikunja katikati, vipande viwili vya hatua tisa, kwa kanyagio la mm 270, vinakula m 2.16 na jukwaa mita moja zaidi, jumla m 3.16 kwa urefu, na upana wa m 2.1. Slabu ya mm 150 huzuia mazungumzo vizuri, visigino haizuii. Kati ya slabu na lipu ya sakafu (saruji ya kusawazisha juu yake) weka tabaka laini, na ulipandishe kidogo ukutani, la sivyo lipu ikigusa ukuta mlio unashuka nao. Mabafu yawe juu ya mabafu.

Mwisho ni uwazi wa kuunganisha. Siku moja huenda upande huo ukautaka kwa ajili ya mzazi au kijana anayerudi nyumbani. Wakati wa kujenga ukuta wa kati, kwenye korido, acha nafasi ya mlango ya mm 900 kwa 2,100 na linta yake juu, kisha uzibe kwa tofali zilezile nzito bila kuzifungamanisha na tofali za ukuta, na plasta juu. Usipitishe waya wala bomba hapo, na weka alama kwenye ramani unayoihifadhi. Ukija kuunganisha, fundi anatoa tofali zilizozibwa tu, ukuta haujui.

Kabla ya kuchimba msingi, tandaza ramani nzima chini kwa vigingi na kamba. Simama kwenye mlango wa mpangaji uone nini unakiona cha kwako, kisha uende kwenye dirisha lako ufanye vivyo hivyo. Kusogeza kigingi ni kazi ya dakika moja.