Kidole cha mwisho hakifi ganzi

Mkono wangu wa kulia umejipangia saa yake ya kuniamsha, nayo ni saa nane za usiku. Vidole vinajaa, vinachoma, kisha vinakufa ganzi hata nikivigusa naona kama ni vya mtu mwingine. Nakaa kitako, naukung'uta mkono, na polepole uhai unarudi. Mchana sina neno, mpaka nishike sindano muda mrefu.

Kazi yangu ni kushona kofia za viua. Anayezivaa huona maua tu. Mshonaji anaona vitobwe vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi, na kila mzunguko unataka dole gumba na kidole cha shahada vibane sindano huku kifundo cha mkono kimekunjwa. Kofia moja hula wiki na wiki, na Idi ikikaribia hakuna kulala mapema.

Hapa kwetu Wete, Pemba, ganzi ina jina moja, baridi, na dawa moja, kukandwa. Mama mkwe wangu hana mjadala katika hilo. Hutoa kichupa chake cha mafuta ya karafuu, yale ya kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, cha Wawi, akanikanda kuanzia kiwiko hadi kucha. "Baridi hiyo, mwanangu, imeshaingia mifupani." Raha yake naijua. Karafuu ina yujenoli, kitu hichohicho kinachomtuliza mwenye jino bovu. Ila hutuliza pale inapogusa, na tatizo langu liko chini zaidi.

Daktari aliyenitazama ni binti mdogo, na swali lake la kwanza lilinipendeza: "Vidole gani, dada?" Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Akachukua tundu la sindano, si ncha, akanigusa kidole kimoja kimoja. Gumba, shahada na cha kati vyote vilikuwa na ganzi. Cha mwisho kilikuwa kizima kabisa. Kilichonishangaza ni kidole cha pete: ubavu unaotazama gumba umefifia, ubavu wa pili unahisi sawasawa. Kidole kimoja, mishipa ya fahamu miwili.

Kumbe ramani ndiyo hiyo. Kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba yenye mifupa chini na utepe mgumu juu. Humo hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na mshipa wa fahamu wa kati, wamebanana kama abiria wa gari la chai maharage jioni. Kano zikivimba, anayeumia ni mshipa. Usiku tunalala tumekunja mikono bila kujua, njia inazidi kubana, ndiyo maana ya ile saa nane. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine, unaopita kiwikoni. Huo ukidhurika, maswali huwa mengine, pamoja na la ukoma, ambao dawa zake zipo na hutolewa bure.

Akanambia niunganishe migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, nikae hivyo dakika moja. Kipimo hicho kina jina la George Phalen, mpasuaji wa Marekani. Dakika haikwisha, ganzi ikawa imeshafika. Akaniuliza pia kama nina mimba, akapima sukari, akagusa tezi ya shingo, kwa kuwa hayo nayo huibana njia hiyo.

Dawa? Gango la kufunga usiku, lenye kibati ndani, linalonyoosha kifundo. Basi. Nilitarajia vidonge, nikapewa kitambaa! Lisiposaidia kuna sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, na mwisho kabisa upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe. Alichokisisitiza ni kutosubiri mpaka mnofu wa chini ya gumba unywee, kwa sababu hapo hata ukipasuliwa nguvu huenda isirudi yote.

Nilipomhadithia shangazi, naye akataka gango. Ganzi yake si kama yangu. Yeye ana kisukari cha miaka mingi, ganzi ilianzia nyayoni ikapanda, ndipo ikaja mikononi, yote miwili, vidole vyote bila ubaguzi. Kwake mshipa haukubanwa mahali pamoja. Sukari imeidhoofisha mishipa ile mirefu kwanza. Tena anameza metformini, dawa ya kisukari, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi yake. Kwa moto wa usiku wapo wanaopewa amitriptilini kidogo au gabapentini, maana panado kwa maumivu ya mishipa haifui dafu. Hilo ni la daktari wake kuamua, na Jumatatu nampeleka mwenyewe, kwani ukimwachia ataishia kwa mama mkwe na kichupa.

Gango langu linanipa joto na kuwasha, lakini nimeanza kulala mpaka alfajiri. Mwenye kofia ya Idi nimeshampigia simu kwamba itachelewa. Amenuna, kisha akauliza gango hilo linauzwa wapi, kwani mkewe naye anasuka ukili na vidole vinamchoma.