Yale maua ya njano kwa ploti ya jirani

Tangu mvua ianze ile ploti tupu nyuma ya nyumba yetu hapa Kasarani imejaa maua ya njano, na kila asubuhi nikienda steji lazima nisimame kidogo. Mengi ni mchunga, ule ule wenye majani machungu ambayo watu wa Pwani wanapika mboga, ukikata shina unatoa utomvu mweupe kama maziwa unaganda kwa vidole na kuwa kahawia.

Jana nilichuma moja nikaliangalia kwa karibu sana. Kumbe si ua moja! Kila kile unachodhani ni petali ni ua kamili, yamebanana kwa kichwa kimoja, na kila moja lina ncha ya meno matano madogo. Hivyo ndivyo yalivyo pia maua ya hieracium, ndugu yake wa Ulaya, yule aliyemsumbua Gregor Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi kwa njegere, alipoujaribu baada ya njegere hizo, maana mengi yanazaa mbegu bila kuchavushwa, mtoto anatoka kopi ya mama, sasa urithi alioutafuta hakuuona, na mwaka 1870 akachapisha hayo.

Jamaa wa slasha anakuja Jumamosi na mimi naumia kweli, nyuki wamejaa pale. Nimemwomba mwenye ploti aache hata kona moja ile ya karibu na ukuta, amesema ataangalia. Kishona nguo afyeke tu, hiyo imenimaliza suruali.