Kishikio Chekundu

Gereji nyingi za nyumba huku Ontario, Kanada, zina mlango unaopandishwa juu na mota, na kwenye reli ya mota hiyo huning'inia kamba yenye kishikio chekundu cha plastiki. Umeme ukikatika unakivuta, mlango unaachana na mota, unauinua kwa mkono. Kimepakwa rangi hiyo makusudi ili kionekane haraka. Tulipohamia hapa kutoka Milton Keynes, Uingereza, hatukujua kuwa ndege mvumaji naye hukiona haraka, na hukidhania ua lenye maji matamu anayoyanywa.

Uingereza ndege wa uani tuliwazoea vizuri. Kule kuwalisha ni kazi ya msimu wa baridi zaidi: unatundika karanga kwenye kikapu cha waya na mbegu za alizeti zilizomenywa, robini anakufuata jembe linapogusa udongo ili aokote minyoo. Januari watu huhesabu ndege wa bustani zao kwa muda wa saa moja na kupeleka hesabu RSPB, shirika la huko la kulinda ndege, shughuli iliyoanza mwaka 1979. Lakini mvumaji hayupo Uingereza, hayupo Ulaya wala Afrika. Ukoo wake wote uko mabara ya Amerika. Anayefanana naye kwetu Pwani ni chozi, ila chozi mara nyingi hutua kwanza ndipo anywe. Mvumaji hunywa akiwa amesimama hewani, mabawa yakipiga kama mara 50 kwa sekunde.

Upande huu wa mashariki wa Kanada anayezaliana ni wa aina moja, mwenye koo jekundu. Ana uzito wa gramu 3 hivi, pungufu ya kijiko cha chai cha sukari. Kipindi cha baridi huishi Meksiko na Amerika ya Kati, na wengi wao wakirudi huvuka Ghuba ya Meksiko, kama kilomita 800, bila kutua. Kusini mwa Ontario huanza kuonekana mwanzoni mwa Mei, madume yakitangulia. Kwa hiyo mnyama anayefika uani kwako ametoka mbali mno, na mimi naona ni haki yake akute kitu kilichoandaliwa sawasawa.

Maji ya sukari ya kumtundikia ni rahisi: kikombe kimoja cha sukari nyeupe, vikombe vinne vya maji, koroga hadi iyeyuke, acha yapoe. Usitie rangi nyekundu, chombo chenyewe chekundu kinatosha kumwita. Usitumie asali, huchacha na kuotesha ukungu. Wala sukari ya kahawia, ina madini ya chuma kuliko anavyohitaji. Joto likipita nyuzi 30, mwaga na ubadilishe kila siku ya pili, maana maji yakianza kuwa na utando mweupe yameshaharibika. Chombo kioshwe kwa maji ya moto na brashi nyembamba inayofika ndani ya vitundu, kwa sababu doa jeusi la ukungu huanzia humo, pasipoonekana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwishoni mwa Mei. Mlango wa gereji ulikuwa wazi tangu asubuhi, tunapanga matairi ya baridi yaliyovuliwa kwenye gari. Mama Zuhura ndiye aliyemwona.

"Baba Zuhura, njoo polepole. Mvumaji yumo ndani, anakichokoa kile kishikio."

Alikuwa anakigusa kwa mdomo upande mmoja, anarudi nyuma kiasi cha shubiri, anakigusa upande wa pili. Alipokosa utamu akapanda juu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Ndege huyu akishtuka hukimbilia juu. Nje, huko juu ndiko kwenye usalama. Ndani ya gereji ni dari. Mlango nao ukiwa wazi hulala chini ya dari na kuacha mwanya mwembamba, naye akaingia kwenye mwanya huo. Njia ya kutokea ilikuwa pana kiasi cha kupita gari, lakini sehemu yake ya juu ilikuwa chini kuliko dari, na ili atoke ilibidi ashuke. Hakushuka. Alikuwa anakwenda na kurudi akiparuza dari kwa mdomo.

Jirani yetu, mzee aliyekulia mtaa huo huo, alivuka barabara alipoona tumesimama tunatazama juu. Alianza kwa kututaka tuweke chini ufagio na tusifikirie wavu, kwani ukimfukuza atazidi kupanda, na bawa lake haliwezi kuhimili pigo hata dogo. Akatuambia pia kwamba muda ni mfupi. Moyo wa mvumaji anaporuka hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na mwilini hana akiba kubwa: siku nzima hula mara kadhaa kila saa. Aliyefungiwa huishiwa nguvu kwa njaa hata kama hajaumia popote.

Basi tukachomoa plagi ya mota ili ile taa yake izimike. Dirisha dogo la ubavuni tukaliziba kwa kipande cha boksi, maana angeweza kufuata mwanga wake akagonga kioo. Kishikio tukakivika soksi nyeusi. Dumu la petroli, ambalo huku huwa jekundu, likatolewa nje. Mwanga ukabaki wa mlangoni tu. Chombo cha maji ya sukari tukakitundika pale mlangoni, juu kabisa, kisha tukatoka na kunyamaza. Mara nyingi hatua hizo zinatosha, ndege akiachwa peke yake huona chombo, hushuka kunywa na mara hujikuta nje.

Huyu hakushuka. Alikuwa ameshachoka. Alitua kwenye reli ya mota, mdomo wazi, mabawa yameachia kidogo, macho yanafumba na kufumbuka. Mzee akasema sasa ndiyo wakati wa ngazi. Mama Zuhura akapanda taratibu, chombo mkononi, akakisogeza mpaka kitundu kikawa usawa wa mdomo. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mdomo ukaingia, na koo likaanza kucheza. Kwa karibu hivyo lile koo tulilosikia kuwa jekundu lilikuwa jeusi tii, kama limepakwa masizi. Mgongo ndio ulikuwa na kijani, unyoya kwa unyoya.

Aliposhiba akaruka tena, na bado akaenda darini. Hapo mzee alileta reki ya majani, yenye mpini mrefu na meno membamba, akaiinua meno yakiwa juu, akaishikilia karibu na dari bila kuitikisa. Miguu ya mvumaji ni ya kushikia tu, hawezi kutembea, na darini hapakuwa na kitu chembamba cha kushika. Akazunguka, akatua kwenye jino la reki. Mzee akaishusha pole pole sana, akapita nayo chini ya mlango, akaifikisha juani. Jua lilipompiga kutoka mbele koo likawaka jekundu lote kwa mpigo mmoja, kwa sababu rangi ile haimo ndani ya unyoya kama wino, hutokana na namna unyoya unavyourudisha mwanga, na pembe isipokuwa sawa huoni kitu. Ndege akaondoka kuelekea kwenye mti wa maple wa jirani.

Mzee hakutuaga kabla hajatazama tulipotundika chombo siku zote. Akakisogeza hadi pungufu ya mita moja kutoka dirisha la jikoni. Ndege akiwa karibu namna hiyo, hata akigonga kioo hana kasi ya kumwua. Umbali wa katikati, mita tano hadi kumi, ndio mbaya zaidi. Kiwe na kivuli mchana ili maji yasichache upesi. Kuzuia sisimizi, weka kikombe kidogo cha maji kati ya ndoano na chombo. Usipake mafuta kwenye fimbo, yakishika manyoya hayatoki. Nyigu nao hupungua ukitumia chombo cha umbo la sahani, ambamo maji yako chini ya kitundu na ulimi wao haufiki.

Jioni ile kishikio kilizungushiwa mkanda mweusi wa umeme, tabaka mbili, kikafunikwa chote. Ila wekundu ule ulikuwa na kazi yake, na gizani kishikio cheusi hakionekani. Kwa hiyo kila mtu wa nyumbani alioneshwa kamba ilipo na namna ya kuivuta mlango ukiwa umefungwa, na Zuhura akarudia macho yakiwa yamefumbwa hadi akaipata bila kupapasa.